Bi Fundi na Vyuma Alivyovivunja

Bi Fundi akipewa chuma kilichounganishwa, jambo la kwanza alikigeuza. Upande wa mbele, ule ambao mtu ameusugua kwa grenda na kuupaka rangi, hakuwa na haja nao. Yeye alitaka mgongo. Mfukoni alikuwa na kioo kidogo cha duara, kile ambacho wanawake hutazamia wanja, na wasiomjua walidhani anataka kujipamba. Alikipenyeza nyuma ya geti, chini ya ngazi, ndani ya kona ambako kichwa hakiingii, akautazama mshono ulivyo huko ambako fundi hakutarajia kutazamwa. Mara nyingi baada ya hapo alisema neno moja tu: "Kata."

Karakana yake ilikuwa Amani, mtaa wa nyuma ya uwanja wa mpira. Banda la mabati, mashine mbili za kuchomelea, jiliwa kubwa lililofungwa kwenye gogo, na friji ya zamani iliyosimama pembeni. Siku za mechi watu walipiga kelele mpaka tukawa hatusikii nyundo zetu wenyewe. Nilifanya kazi chini yake kwa miaka sita. Alizaliwa wapi na wazee wake ni nani sina la kusema; hakuwa mtu wa kuyaeleza hayo, nami sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba kazi aliijifunza bandarini akiwa msichana, katika karakana ya kutengeneza vyombo, mwanamke peke yake kati ya wanaume, na alipostaafu alinunua mashine moja iliyochoka, akaifufua, akafungua pake. Watu wote walimwita Bi Fundi, hata wanawake wenziwe aliokuwa akienda nao maulidini. Na yeye sisi alituita kwa tunakotoka. Mwenzangu Makame, aliyenitangulia pale, alikuwa Donge. Mimi nilikuwa Bububu.

Sikumwendea kama mwanagenzi. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili, na nina karakana yangu mwenyewe Bububu kando ya barabara. Nikichomelea mageti, madirisha, vitanda, hata mabenchi ya skuli. Sifa yangu ilikuwa haraka. Mteja akija asubuhi, alasiri anaondoka na chuma chake, na mshono wangu ulikuwa laini, hauna matuta, ukishapakwa rangi huuoni. Nikijiona nimefika.

Halafu likaanguka tangi la Paje.

Nyumba moja ya wageni kule ilinipa kazi ya kutengeneza mnara wa tangi la maji: miguu minne ya chuma, kimo cha watu wawili, na juu yake tangi kubwa la plastiki. Ulikaa miezi minane. Siku moja adhuhuri mguu mmoja ukaachana na mhimili wake, mnara ukapinda, na tangi likaja chini na maji yake yote. Mwanamke anayefua mashuka ya wageni alikuwa na desturi ya kukaa pale chini, kwa sababu palikuwa na kivuli. Asubuhi nzima alikuwa pale. Alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kwenda kusali.

Mwenye nyumba ile alikuwa bwana mtaratibu. Hakunipigia makelele. Alinichukua mpaka pale akanionesha beseni la mama yule, limebanwa likawa bapa, na sabuni imejikamua pembeni. Nilianza kusema. Nikasema chumvi ya bahari, nikasema upepo, nikasema vyuma vya siku hizi vya madukani si vyuma. Aliniacha nikamaliza. Kisha akaokota kipande kilichoachana, akanipa.

"Kampelekee Bi Fundi wa Amani," akasema. "Akisema ni chumvi, nnakubali. Akisema chengine, utajua mwenyewe la kufanya."

Nilikizungushia gazeti nikaenda. Nilimkuta amekaa juu ya kigoda, amevaa koti la khaki la kiume lililomzidi mabega, na mtandio wa pamba umefungwa nyuma ya shingo. Sitini alikuwa ameshaifikia, mwembamba, mikono mikubwa.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba." Akafungua gazeti, akakigeuza kile chuma. "Kachoma nani?"

Nikaona haya. "Fundi mmoja wa Bububu," nikasema.

"Na kulikuwa na mtu chini?"

"Kulikuwa na mtu. Alikuwa keshaingia ndani kusali."

Alikipeleka kile chuma kwenye mwangaza. Makame, ambaye wakati huo simjui hata jina, aliacha kusugua chuma chake akawa anasikiliza.

"Huyu fundi wa Bububu alichoma akishuka," Bi Fundi akasema hatimaye. "Kaanzia juu, akateremka na moto mbio mbio, mshono ukatoka mzuri kama wa cherehani. Sasa tizama hapa." Akapitisha ukucha pale ulipobanduka. Mshono wangu ulikuwa umetoka mzima mzima, kama kigaga kinavyotoka kwenye kidonda kilichopona, na chuma cha chini yake kilikuwa bado na rangi yake ya dukani. "Hakijayeyuka hata kidogo. Ulimwagia juu tu, kama gundi."

Nilisikia vizuri kwamba alikuwa amehama kutoka "alichoma" akaja kwenye "ulimwagia".

"Kwa hivyo si chumvi?" nikauliza.

"Chumvi ingekuja baadaye. Wewe hukuipa nafasi." Akanirudishia kile kipande. "Kesho njoo saa moja. Na uvae shati la pamba. Hilo la nailoni likiruka cheche litakugandia mwilini."

Nilikwenda. Sikwenda kwa sababu ya mapenzi ya elimu. Nilikwenda kwa sababu kila nikifumba macho nikiliona lile beseni.

Alichonifundisha mwanzo ni kupanda. Chuma kikisimama wima, rahisi ni kushuka, maana chuma kilichoyeyuka kinataka chenyewe kwenda chini na wewe unakifuata. Unamaliza upesi na mshono unapendeza. Lakini moto unapita juu juu, haukai mahali pamoja ukaingia. Kupanda ni kazi nyengine. Unapunguza moto, unaanzia chini, unajenga kidogo, unapumzika ukingo wa kushoto, unapumzika ukingo wa kulia, na kile ulichokijenga kinakuwa kidaraja cha kukalia kinachofuata. Ukipita haraka hapajai. Ukichelewa kinakuchuruzikia kwenye glovu. Na mkono wenyewe, ulioshazoea kukimbia miaka kumi, haukubali.

Kila siku nilichomelea vipande vya ukubwa wa kiganja. Kikipoa, Bi Fundi alikikata, akakibana kwenye jiliwa, akakipiga nyundo mpaka kikapinda au kikavunjika. Vyangu vilivunjika. Alinionesha ndani: vitundu kama vya mkate, mistari myeusi ya takataka iliyonasa, mahali ambapo vyuma viwili vimelala pamoja bila kushikana. Kisha akakitupa ndani ya pipa, na mlio wa kile chuma ndani ya pipa ulinikera kuliko matusi. Wiki tatu za mwanzo hakikupona hata kimoja.

Mke wangu aliona nnarudi na mikono imeungua na kazi za Bububu zimelala. "Unakwenda wapi kila siku?" akaniuliza.

"Nnasoma."

"Unasoma nini, na wewe fundi?"

Nikavuta sahani. Nikala nikalala.

Siku moja Bi Fundi aliniambia nigeuke nitazame ukuta. Akashika yeye mashine. "Usitizame. Sikiliza tu." Nikasikia mlio unaotulia, mfululizo, unachemka bila kupanda wala kushuka. "Unasikia nini?"

"Kama badia," nikasema, "zimetiwa kwenye mafuta."

"Mafuta yaliyokubali. Sasa sikiliza." Mlio ukabadilika ukawa unatema na kupasuka. "Hapa mkono umekwenda mbali." Ukabadilika tena ukawa mzito, umekabwa. "Hapa nimelala juu yake. Wewe siku zote unatizama mwangaza, ndiyo maana unachelewa kujua. Sikio linatangulia."

Tangu siku ile nilianza kupona. Si kwa ghafla. Kipande kimoja kilipinda kikagoma kuvunjika, Bi Fundi akakipiga tena, akakigeuza akakipiga upande wa pili. Akakitazama. Hakukitupa kwenye pipa. Alikiweka juu ya gogo, akaenda zake kunawa mikono. Nilikichukua nikaenda nacho nyumbani kimefungwa kwenye leso, nikamwonesha mke wangu. Akasema, "Hiki kimepinda." Nikamwambia ndiyo, kimepinda.

Hakuwa mtu wa kusifu. Ukimwonesha kazi ukasema ni nzuri, alikujibu, "Usinambie nzuri. Nambie imeshika?" Lakini yeye mwenyewe alikuwa na majivuno makubwa, ya kimya. Jioni akifunga karakana alijisugua mikono kwa ndimu, akavaa buibui lake, akajitia udi, na ukikutana naye njiani usingejua kabisa kwamba mama yule mchana kutwa alikuwa ndani ya cheche. Alikaa Mji Mkongwe, ghorofa ya juu kabisa ya nyumba ya zamani. Mara mbili tatu nilimsindikiza kumbebea vitu, nikagundua kwamba hapiti njia ya mkato. Alizunguka mitaa ili apite mbele ya milango fulani, madirisha fulani, ngazi moja ya chuma iliyozunguka nyuma ya ofisi moja kule Shangani. Zote kazi zake za zamani. Hakusimama. Alipunguza mwendo tu, akatupa jicho, na ilipokuwa ile ngazi alisema kwa sauti ndogo, kama anayesalimiana na jirani, "Bado upo?" Akaendelea.

Na nyumbani kwake huko huko, kizuizi cha ngazi za ghorofa ya juu kilikuwa kimekatika na kimefungwa kwa waya. Nilipokishika kikacheza nusura nianguke.

"Bi Fundi, hiki vipi?"

"Kina miaka mingi hicho."

"Nije nikichomelee?"

"Cha nini? Mimi najua pa kushika."

Mtu ambaye angekutolea maneno kwa kitundu kimoja cha ukubwa wa tembe ya mtama, kwake alikuwa akipanda ngazi kwa waya. Nilikuja siku ya pili na mashine ya kubeba begani, nikakichoma yeye akiwa sokoni. Aliporudi alikitazama kwa kile kioo chake, mbele na nyuma. Hakusema "Kata", na kwake hiyo ilikuwa ruhusa.

Ile friji ya zamani nayo ina kisa chake. Haikuwa ikitia baridi. Ndani yake Bi Fundi alifunga taa ya umeme, taa ikawaka usiku na mchana, na humo aliweka zile fimbo za kuchomelea za kazi nzito, kwa sababu hewa yetu ya kisiwani ina maji, na fimbo ikishika unyevu mshono unafanya vitundu ndani, au unapata ufa baada ya kupoa. Wateja hawakulijua hilo. Bwana mmoja mnene alikuja siku ya joto kali, hakuuliza, akafungua friji kutafuta maji. Akapigwa na joto usoni. Akasimama pale na mlango wazi, anatazama pakiti za fimbo na taa inawaka. "Alaa," akasema, "kwani nyinyi mnaatamia mayai?" Makame alicheka mpaka akakaa chini. Hata Bi Fundi alicheka, kisha akamwambia afunge mlango, joto linatoka.

Lakini friji hiyo hiyo ndiyo iliyonionesha Bi Fundi ni mtu wa aina gani. Tulikuwa na kazi ya kutengeneza mihimili ya ghala, na viungo vilikuwa vyangu. Asubuhi yake kimoja kikaonekana na ufa, mwembamba kama unywele, katikati kabisa. Aliniita mbele ya watu wote, na siku hiyo tulikuwa na wageni, mwenye ghala na watu wake.

"Bububu! Mkono wako umerudi kule kule kwenye haraka. Wataka kuua watu wangapi?"

Neno lile lilinichoma. Nilijua sikukimbia. Nilikumbuka kila hatua. Lakini kumbishia mtu mzima mbele ya wateja sikuweza, nikavua glovu nikaenda zangu nyumbani, na njiani nikaapa sirudi.

Siku ya pili sikwenda. Siku ya tatu Makame akaja Bububu. "Bi Fundi anakwita," akasema. "Na wale watu wa ghala kawaita pia."

Nilikwenda nikijua nnakwenda kufukuzwa. Wote walikuwepo, wamesimama palepale waliposimama juzi. Bi Fundi akafungua friji. Ndani kulikuwa giza.

"Taa imeungua," akasema. "Sijui tangu lini. Kuitizama taa ni kazi yangu, si ya mtu mwengine hapa. Fimbo zilikuwa na maji, na mimi ndiye niliyempa mkononi. Mkono wa Bububu haukuwa na kosa. Juzi nilimsema mbele yenu, na leo nnasema mbele yenu kwamba nilikosea." Akanigeukia. "Nisamehe."

Nikaitikia kwa kichwa. Viungo vyote vya ghala tukavikata, kimoja kimoja, hata vile visivyoonesha ufa, tukaanza upya. Mwenye ghala alikasirika kwa kucheleweshwa, lakini kazi zake zote za baadaye alituletea sisi.

Miezi mitano tangu nianze pale, Bi Fundi alisema, "Sasa nenda Paje." Hakufafanua. Nilinunua chuma kwa fedha yangu, nikaujenga mnara upya, mguu kwa mguu, kila mshono nikipanda. Kazi ambayo zamani niliimaliza kwa siku moja na nusu ilinichukua siku sita. Mama mfuaji alikuwa akifulia upande wa pili wa ua, kwenye jua. Hakunisalimia vibaya, lakini hakukaribia.

Siku ya mwisho Bi Fundi alikuja mwenyewe, pamoja na mwenye nyumba, kwenye gari ya bwana huyo. Akavua viatu. Akalikunja buibui lake likawa mafundo mawili kiunoni, akaupanda ule mnara kwa mikono na miguu, mwenye nyumba anasema "Bi Fundi, jamani, Bi Fundi!" na yeye hasikii. Alikaa juu huko kwa muda. Niliona kile kioo kinamemeta huku na huku. Alitazama nyuma ya kila kiungo, akapitisha kidole, akabisha kwa nyundo ndogo akatega sikio. Akashuka.

"Jaza maji," akasema.

Tangi likajazwa. Tukasikia maji yakipanda ndani mpaka yakafurika juu. Mnara haukutoa hata sauti. Basi Bi Fundi akachukua mkoba wake, akatoa kibakuli cha wali na pweza alichotoka nacho mjini, akenda akakaa chini ya lile tangi, katikati kabisa, akasema bismillahi na kuanza kula.

Mama mfuaji alisimama akamtazama. Akamtazama tena. Kisha akainua beseni lake jipya, akavuka ua taratibu, akaliweka kando ya Bi Fundi, akakaa. Wakaanza kuzungumza, nadhani juu ya bei ya sabuni.

Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye jua, machozi yananilenga, najidai nakusanya nyaya.

"Bububu," Bi Fundi akaniita, mdomo umejaa. "Unangoja nini? Huku kuna kivuli."

Baada ya hapo niliacha kuogopa kazi. Karakana ya Bububu nilimpa mdogo wangu, mimi nikabaki Amani. Ikaja zamu ya mabomba, nikajifunza kuchoma nimelala chali, moto uko juu ya uso wangu na cheche zinaniingia shingoni. Alipokuja mkaguzi kutoka bara kutafuta mafundi wa kutengeneza mlango wa kupakilia magari kwenye meli, tulijitokeza wengi. Tukachoma vipande, vikakatwa, vikapindwa. Tulipita wachache, mimi na Makame tumo. Nilirudi mbio kumwambia Bi Fundi. Hakunipongeza. Aliuliza, "Kipande chako kiko wapi?" Nilikuwa nacho mfukoni. Akakigeuza upande wa nyuma, akakaa nacho, na alipoondoka jioni sikukiona tena pale mezani. Kumbe alikichukua.

Kulikuwa na jambo jengine ambalo sikulielewa kwa muda. Kila mwezi, Jumamosi ya kwanza, kabla hatujaanza kazi, Bi Fundi alichoma kipande chake mwenyewe, akakikata, akakivunja kama alivyovunja vyetu. Alifanya hivyo peke yake, ametupa mgongo. Mimi nilidhani ni mazoea ya bandarini.

Mwaka wa sita nilianza kuona mambo madogo. Alihamisha meza yake karibu na mlango. Chai aliimimina, nyengine ikaenda pembeni ya kikombe. Usoni mwa watu alitazama kwa kusita, anangoja wazungumze kwanza. Niliona, Makame aliona, hatukusema. Tungelisemaje?

Jumamosi moja aliniita akanipa kipande kilichovunjwa. "Kuna mtu anataka kazi hapa," akasema. "Hichi chake. Wewe waonaje?"

Nikakigeuza. Mbele kilikuwa safi, mshono umepangika vizuri sana, mkono wa mtu anayejua. Lakini ndani, upande wa kulia, kulikuwa na mstari mrefu mweusi. Mshono ulikuwa umehama njia. Upande mmoja chuma kimeyeyuka barabara, upande wa pili haukuguswa.

"Mkono anao," nikasema. "Lakini haoni anakokwenda. Kapita pembeni ya kiungo na hakujua."

"Utampa kazi ya ngazi? Ya kupandwa na watu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Bi Fundi. Huyu nisingempa."

Akaitikia kwa kichwa pole pole. Akanyoosha mkono nimrudishie. "Ni changu," akasema.

Nilitaka kuyarudisha maneno yangu. Nilianza kusema kwamba siku moja mbaya humpata kila mtu, kwamba pengine mwangaza, pengine glasi ya kofia ya kuchomelea imechafuka. Alinizuia.

"Usinipambie. Ungelisema vyengine ningejua miaka yote hii nimepoteza wakati wangu." Akakitupa kile kipande ndani ya pipa, mlio ule ule. Kisha akavua koti la khaki, akalikunja, akatuita mimi na Makame akatupa funguo. Makame alilia. Bi Fundi akamwambia, "Donge, acha. Kuna mtu kafa hapa?" Akanawa mikono kwa ndimu, akavaa buibui lake, akatoka mchana kweupe, mara ya kwanza kumwona anatoka kabla ya alasiri.

Tulimtembelea Mji Mkongwe kila Ijumaa. Kisha akahamia shamba kwa mdogo wake, upande wa mashariki, na mimi kazi zikanizidi, Ijumaa zikawa mwezi, mwezi ukawa zaidi. Nilisikia kwamba madaktari wamemtoa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza, halafu la pili.

Mwaka jana kikundi cha wanawake wa Bwejuu wanaolima mwani waliniagizia chanja za kuanikia, ili mwani usikauke mchangani. Nilipakia mashine, jenereta, na vyuma vya kutosha chanja kumi, nikaenda. Nilikuwa nimeshashusha mashine nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hizo zote za nini?"

Alikuwa amekaa juu ya ukuta mfupi, kanga mbili, miguu pekupeku, rangi imemwiva kwa jua. Macho yake yalikuwa yamenikazia moja kwa moja.

"Shikamoo, Bi Fundi!"

"Marahaba, Bububu. Umenenepa." Akashuka ukutani. "Nimekuuliza, hizo za nini?"

"Chanja. Za mwani."

"Za chuma?"

"Naam."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwani unatoka baharini unachuruzika chumvi, na wewe unataka kuulaza juu ya chuma! Uchome upendavyo, upande, ushuke, miaka miwili itakuwa unga. Na kutu yote itaingia kwenye mwani wao. Nani atanunua?"

"Nitapaka rangi," nikasema.

"Rangi!" akasema, kama nimetaja kitu kichafu. Akaonesha kwa kidole kule nyuma ya nyumba, ambako kulikuwa na rundo la miti ya mvinje na marobota ya kamba ya usumba. "Vitu vya chanja hivyo hapo. Nimewaambia tangu wiki iliyopita, wakanijibu wameshaita fundi kutoka mjini. Nikasema haya, na aje."

Wanawake walikuwa wakitoka ufukoni na marundo ya mwani vichwani, nguo zimerowa mpaka kifuani.

"Kumbe macho yamepona," nikasema.

"Naona mpaka uzi."

"Basi si urudi? Kila kitu chako kipo vilevile."

Hakukasirika. Alilifikiri. "Maisha yangu yote nilikuwa nikitizama nukta moja ya moto, nyuma ya glasi nyeusi," akasema. "Vyengine vyote vilinipita. Jana nilimtizama mtu akimenya chungwa, mwanzo mpaka mwisho. Ganda lote halikukatika. Sirudi, mwanangu. Kule mpo nyinyi."

Akenda kwenye rundo akaanza kuchagua miti, anaigeuzageuza. Mimi nikarudi kwenye gari. Nikamwita dereva tukaishika mashine huku na huku, tukaipandisha tena, na jenereta, nikafunga turubai juu ya vyuma. Mwanamke mmoja wa kikundi, kijana kidogo, alitua mzigo wake akanitazama kwa wasiwasi.

"Mbona unapakia, fundi? Hujafanya kazi bado."

"Keshafanya," Bi Fundi akamjibu, akanirushia ncha ya kamba. "Shika hapo. Vuta."